Mke wa Mwanafunzi

Ukienda kwake, alikuuliza kama utakunywa chai.

Kwa wasiojua kwetu, nieleze. Upande wa Gesima mgeni haulizwi. Mgeni anatengewa sufuria motoni kabla hajakaa vizuri, na akisema ameshiba anamiminiwa hivyo hivyo, anakunywa, anaenda zake. Kumwuliza ni kumwambia chai ipo, lakini si lazima wewe uipate. Sasa huyu jirani yangu alikuwa anasimama mbele yako, mikono ameifumbata tumboni, anakuuliza, "Utakunywa chai, au hapana?" Na wewe kwa aibu unasema hapana, asante. Naye anasema sawa, anaketi. Basi! Mtu ametoka ng'ambo ya mto, amepanda kilima, anarudi kwake koo kavu.

"Ndivyo wanavyofanya kule," alituambia. "Ukisema hapana, wanaamini ni hapana."

Kule kulikuwa Amerika. Mume wake alikwenda huko kusoma miaka ile kabla tu ya uhuru, akaacha ameahidi kwamba atamwita amfuate. Ndiyo maana tulimwita Mke wa Mwanafunzi, na jina hilo lilimganda hata mwanafunzi mwenyewe alipomaliza kusoma, akasoma tena, akaanza kufundisha wengine. Mimi nilikuwa jirani wa boma la wakwe zake, katikati yetu shamba la pareto na ua wa miti. Kazi yangu ni kushona. Cherehani yangu ilikuwa kwenye veranda ya duka moja pale Masimba, na mengi ninayoyajua juu yake alinisimulia akiwa amesimama kando ya cherehani hiyo. Kukaa kwenye gunia alikataa. Alisema kule watu hawakai chini.

Alichotaka hakikuwa siri. Alitaka kumfikia mume wake akiwa bado na umri wa kuzaa. Walikuwa wamekaa pamoja miezi michache tu, kisha mtu akapanda ndege, na tumbo likabaki tupu. Hakuwa mtu wa kuota majumba marefu wala magari. Nilimwuliza siku moja kama anaitamani hiyo Amerika, akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama anatamani barabara ya kwenda Kisii.

"Kwani mimi naenda kuangalia Amerika?" akasema. "Naenda kwa mume wangu. Angekuwa Kericho, ningeenda Kericho."

Lakini mume alikuwa amemwandikia mapema, mwaka ule ule wa kwanza, kwamba ajifunze mambo ya kule asije akamwaibisha. Na yeye alikuwa mtu wa kutii neno kama lilivyo. Akajifunza. Walimu wake walikuwa wawili. Wa kwanza ni bibi mmoja Mzungu wa misheni, ambaye yeye alimpigia pasi kwa muda, akawa anamtazama anavyokula na anavyopokea wageni. Wa pili ni gazeti la picha ambalo bibi huyo alimwachia alipohama, kurasa zimejaa matangazo ya sabuni na majokofu na dawa za meno.

Gazeti hilo lilimsumbua sana. Kila mtu ndani yake alikuwa anacheka. Mwanamke anafungua jokofu, anacheka. Mwanamume ananyoa ndevu, anacheka. Mtoto anapewa dawa ya kifua, anacheka mpaka magego yanaonekana. Jirani yangu alilisoma na kulisoma, akafikia uamuzi wake: kule watu hucheka muda wote, na asiyecheka atadhaniwa ana kiburi au mgonjwa. Kwa hiyo akaanza mazoezi. Akichuma chai ya mama mkwe wake, anaichekea. Akikutana nawe mtoni, kabla ya salamu, meno yote nje, macho yametulia tu. Baba mkwe wake, ambaye kwa heshima ya kwetu hakuweza hata kumkaribia mkaza mwana wake, ilibidi atume mtu aje kuuliza kama mwanamke yule yuko salama kichwani.

Nami nilimwambia, "Wewe mama, utatuletea maneno. Cheka ukichekeshwa."

"Nikifika huko nianze kujifunza lini?" akanijibu, meno yakiwa nje vile vile.

Nikifika. Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Nikifika nitalala kitandani, kwa hiyo akamtafuta seremala, akalala kitandani. Nikifika nitakula kwa uma. Uma aliupata sijui wapi, mmoja tu, umepinda jino, akaanza kula ugali kwa huo. Ugali wa wimbi, mzito, wa kushika kwa mkono, yeye anauchoma. Sabato moja baada ya ibada tulikuwa tunakula kwa mama mkwe wake. Mama yule alimtazama muda mrefu, halafu akaweka bakuli lake la mboga chini.

"Mokamwana," akamwita, yaani mke wa mwanangu, "chakula changu kimekukosea nini mpaka unakidunga?"

Tulicheka hadi machozi. Yeye hakukasirika. Alisema "samahani," akaendelea kudunga. Hiyo "samahani" na "asante" nazo zilikuwa balaa. Ukimpitishia chumvi, asante. Mtoto akimfungulia lango, asante. Watu walianza kuona anawafukuza, maana kwetu unayemshukuru kila saa ni mtu baki. Wa kwako anakupa, unachukua, yamekwisha.

Mimi alinipa kazi ya koti. Alileta blanketi la kijivu, zito, jipya, akataka nimkatie koti la baridi mpaka chini ya magoti, lenye mifuko na kola. Nililishona, sindano tatu zikavunjika. Alianza kulivaa siku ile ile, kwenye jua la saa saba, akilima maharage. Jasho linamtiririka. Nikamwuliza faida yake ni nini.

"Nazoea uzito," akasema.

Na mtu huyu, ajabu yake, aliogopa baridi kuliko mtu yeyote niliyemjua. Asubuhi ya ukungu Gesima alikuwa anatetemeka mbele yako bila haya. Alikuwa na mambo ya kupingana hivyo. Alikuuliza kama utakunywa chai, lakini mwanamke akijifungua popote kilimani, wa kwanza kufika na uji wa wimbi alikuwa yeye, bila kuuliza, chungu kizima kichwani. Alikaa kidogo, akamshika mtoto, akamrudisha kwa mama yake, akaenda. Sikuwahi kumwona akimshika mtoto muda mrefu.

Jambo lililoniudhi kabisa, na nilimwambia usoni, ni kwamba alikataa kupanda kitu chochote kinachokawia. Miaka ile chai ndiyo ilikuwa inaingia kwa wakulima wadogo. Watu waling'oa hata migomba wapate nafasi. Yeye alipewa kipande chake na baba mkwe, kizuri, kinaelekea mto, akapanda maharage. Msimu uliofuata, wimbi. Kisha maharage tena.

"Panda chai," nikamwambia. "Kila mtu anapanda."

"Chai inataka miaka mitatu ndipo uichume. Miaka mitatu mimi nitakuwa hapa?"

Hata mgomba hakupanda. Ndizi alinunua. Mke wa mtu, Gesima, ananunua ndizi! Ile miaka mitatu ilipita. Ikaanza mingine. Tulipokuwa tunapeleka majani yetu kwenye banda la kupimia, yeye alikuwa anachuma ya mama mkwe, amevaa blanketi.

Sasa niseme habari ya vyuma, maana ndivyo vilivyoharibu kila kitu.

Zamani kwetu mwanamke aliyeolewa kwa arusi kamili ya kimila alivishwa vikuku vya chuma miguuni, tunaviita ebitinge. Wakati wa arusi yake wengi walikuwa wameshaviacha, hasa sisi wa kanisani, lakini mama mkwe wake alikuwa mtu wa zamani na alitaka mwana wake aoe kwa njia iliyonyooka kabla hajaenda mbali. Vikavishwa. Vyuma hivyo havivuliwi. Vinatoka siku moja tu, siku mume anapokufa, na mwanamke akionekana miguu mitupu hakuna wa kuuliza kumetokea nini.

Mchungaji alimwandama miaka kwa sababu ya vyuma hivyo. Alimwambia ni mapambo ya giza, alimkalisha benchi la nyuma. Mtu aliyekuwa tayari kubadilisha ulalaji wake na ulaji wake na kicheko chake, vyuma hivyo alikataa katakata kuvitoa. Nilimwuliza sababu.

Aliinua mguu kidogo, vikagongana. "Mtoto sina. Mume simwoni. Nikitembea, hivi vinalia, na kila mtu anajua mimi ni mke wa mtu. Nikivitoa nitabaki na nini?"

Nikaendelea kukanyaga cherehani.

Halafu mwito ulikuja. Uhuru ulikuwa umeshapata kama miaka miwili hivi, mvua za masika zinanyesha, naye akashuka Masimba anakimbia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mume amesema aanze kutafuta karatasi za safari, tiketi itapatikana. Na amesema jambo moja zaidi: vile vyuma vikatwe. Hakuna kiatu kitakachoingia, na watu kule watadhani amefungwa jela.

Alinisimulia akicheka, na safari hiyo alikuwa anacheka kweli. Kisha akaangalia miguu yake.

"Mwenyewe ndiye aliyesema," akaniambia. "Si mchungaji. Mwenyewe mume."

"Mwambie mama mkwe wako kwanza," nikasema.

"Atakataa. Nikishavitoa nitamweleza."

Alikwenda peke yake kwa mhunzi ng'ambo ya mto, alfajiri, na viatu vyeusi vipya kwenye kikapu. Mhunzi aliweka tindo, akagonga, vikatoka kimoja kimoja. Alimwachia vyuma avifue majembe. Alinieleza baadaye kwamba alikuwa na nia ya kuvaa viatu pale pale, na soksi, arudi nyumbani amejifunika hadi kwenye kifundo. Lakini njia ilikuwa matope matupu, na viatu vilikuwa vya kwendea Amerika. Akaviacha kikapuni, akarudi peku.

Mwanamke mmoja wa upande wetu alikuwa anapanda kutoka mtoni na mtungi. Alimsikia mtu nyuma yake, akageuka, akaona ni yeye, na akashangaa mbona hasikii ule mlio wa siku zote. Akatazama chini. Akaona miguu mitupu, na kidonda kibichi mahali tindo lilipomkwaruza. Mtungi ukaanguka. Akapiga nduru.

Nduru ya kifo kwetu haihitaji maelezo. Kilima cha pili kiliitikia kabla ya kujua ni nani, na kilima cha tatu kikajua ni nani. Mimi nilikuwa bado sijaondoka kwenda Masimba. Nilipofika bomani mwao mama mkwe alikuwa ameshajitupa chini, anagaragara kwenye matope, anamwita mwanawe kwa jina la utotoni. Wanaume walikuwa wanakuja na mikuki mbio, kama inavyofanywa akifa mtu mzima, wanachoma hewa. Na yeye alikuwa katikati ya ua, ameshika kiatu kimoja mkononi, anasema, "Hapana. Hajafa. Ni viatu. Nilitaka kuvaa viatu."

Nani wa kumsikia? Walimwonea huruma. Wajane wengi husema hivyo hivyo, mume wangu hajafa. Wazee wa kanisa walimshika mikono, wakamkalisha chini, chini kabisa kwenye majani ya migomba, wakamwimbia. Kila alipofungua mdomo, wakapandisha sauti.

Mimi nilisema. Nilimshika shemeji yake, mdogo wa mume, nikamwambia ninavyojua. Akanijibu, "Mama, kama yuko hai, vyuma vimetokaje?" Na alikuwa na macho mekundu, hakuwa anafanya hila wakati ule. Mwalimu wa shule aliletewa ile barua ya mwito, akaisoma mbele ya watu. Mzee mmoja akauliza imeandikwa lini. Karibu mwezi. Mzee akatikisa kichwa: mwezi mtu anakufa mara ngapi? Basi fahali akachinjwa, vichwa vikanyolewa, chifu akaja na hotuba yake. Mwalimu yule, Mungu ambariki, alikwenda Kisii posta akapiga simu ya maandishi, na jibu liliporudi lilikuwa na maneno machache tu, kwamba yuko hai na ana mtihani. Matanga yalikuwa yamekwisha. Watu walikuwa wameshakwenda makwao wameshiba.

Ungedhani basi, tuliangua kicheko, yakaisha. Hayakuisha. Wazee walikaa wakasema mtu aliyeliliwa hawezi kuachwa hivyo hivyo. Lazima arudi mwenyewe, asimame mbele ya mama yake, atakaswe, ndipo ahesabiwe mtu tena. Na kabla ya hapo mke wake hatoki bomani kwenda kumfuata, maana atakuwa anamfuata marehemu. Karatasi za safari zilitaka idhini ya baba mkwe, alama ya kidole chake. Baba mkwe hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa amemlilia mwanawe mbele ya ukoo mzima, na hakutaka kugusa jambo hilo. Kidole chake kilibaki mfukoni.

Kwa hiyo njia ilikuwa moja: mume aje. Mume akaandika kwamba amecheka sana, na kwamba atakuja akimaliza mwaka. Mwaka ukaisha, akapata shahada, akaanza nyingine. Mwaka uliofuata kulikuwa na jambo jingine.

Shemeji yule alianza kuja jioni na kigoda chake, anakaa mlangoni pa jirani yangu. Alikuwa na haki kwa mila ya kumrithi mke wa nduguye, yeye mwenyewe alilisema hilo kwa upole. "Shemeji, umri wako wa kuzaa unakwenda. Ndugu yangu ni ndugu yangu. Mtoto atakuwa wake." Jioni ya kwanza jirani yangu alimwuliza kama atakunywa chai. Shemeji akasema hapana. Mwanamke akafunga mlango kwa gogo. Jioni zilizofuata hakumwuliza. Na siku moja asubuhi alipita kwangu na kikapu na koti lake, akaniambia anakwenda Kisii mjini, amepata kazi ya kutandika vitanda kwenye hoteli ya wageni.

"Na nyumba yako?" nikamwuliza.

"Nitarudi kuifungua akija," akasema. Hakulia. Nilimhurumia, na niliudhika naye, na sikujua lipi kubwa.

Pale mjini, kwa kweli, alitulia. Hakuna aliyemcheka akivaa viatu. Alitandika mashuka, akapanga uma kushoto na kisu kulia, akawauliza wageni kama watakunywa chai au kahawa, nao wakamjibu wanachotaka. Kiingereza chake kikawa cha kutumika. Nywele alizinyoosha kwa kitana cha moto. Kila nilipokwenda Kisii kununua vitambaa nilipita kumwona kwenye mlango wa nyuma, na kila mara alikuwa amezidi kidogo: anatazama saa, ananiambia nimtumie neno kabla sijaja. Jumapili alikaa chumbani kwake na gazeti. Sabato alikwenda kanisani, na sasa alikaa mbele.

Alihesabu miaka yake. Nilijua kwa sababu siku moja, bila kuulizwa, alisema, "Mama yangu alizaa kitinda mimba akiwa na miaka arobaini." Tukaacha hapo.

Mume alikuja miaka ya sabini ikiwa imeshaanza.

Hatukumtambua. Aliondoka mtanashati wa suti na nywele zimekatwa na njia upande mmoja. Alirudi na nywele zimesimama duara kubwa, ushanga shingoni, na shati pana la rangi rangi lisilo na kifungo hata kimoja. Mama yake alimshika uso akauliza kama alikuwa mgonjwa. Tulidhani msomi atakataa kutakaswa. Wapi! Alifurahi kama mtoto. Alitaka kila kitu kifanywe kama zamani. Walitoboa ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama yake wakampitisha hapo kinyumenyume, wakampaka mafuta, akamwomba mzee mmoja arudie kidogo kwa sababu kamera ilikuwa haijawa tayari. Alitukemea kwa mabati tuliyoezekea. Akauliza nyumba za nyasi zimekwenda wapi.

Mke alikuja siku hiyo kutoka Kisii. Gauni la buluu, soksi ndefu, vile viatu vyeusi, kipochi. Mimi mwenyewe nilimshonea gauni lile na lilimkaa vizuri. Alimpa mkono mumewe mbele ya watu, akacheka meno yote, akamwambia kwa Kiingereza kwamba amefurahi kumwona. Kisha akamwuliza kama atakunywa chai.

Yule bwana alimtazama kuanzia nywele zile zilizonyooshwa mpaka chini.

"Nani amekufanya hivi?" akauliza kwa Ekegusii.

"Wewe," akajibu.

Aliangalia miguu yake. "Vyuma viko wapi?"

Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia. Nilitamani nisingekuwa. Alimweleza, taratibu, kama vile anamweleza mgeni wa hoteli mahali pa kuogea. Uliniambia nikate, nikakata. Naye akashika kichwa. Akasema alikuwa kijana, hakujua. Akasema kule sasa watu wetu wameamka, wanatafuta kilicho chao, na yeye amewaeleza wenzake miaka yote juu ya mke wake wa vyuma. Wanawake wa viatu na nywele za pasi wamejaa tele, hakuvuka bahari kuja kuchukua mwingine. Na akasema, na hapa sauti yake ilikuwa nzuri, ya upendo kabisa, kwamba hakuna kilichoharibika, mhunzi bado yupo, atamvisha vingine. Tiketi anazo, mbili. Wiki ijayo wanaondoka.

Yaani kitu alichokingoja maisha yake yote ya utu uzima kilikuwa kimesimama mbele yake, kimeshika tiketi mbili.

Walikaa ndani ya ile nyumba yake iliyofungwa siku mbili au tatu. Sijui walisema nini, na sikuuliza. Alipotoka alipita kwangu Masimba, akasimama kando ya cherehani.

"Amesema nile kwa mkono," akaniambia. "Mkono umesahau. Ugali ulianguka."

"Vaa tu hivyo vyuma," nikasema. "Vaa, uende. Ukifika utavitoa."

Alifikiria. Naapa alifikiria, nilimwona. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, bado ilikuwa inawezekana.

"Halafu mtalia tena?" akauliza.

Akakunjua mkono, akatazama saa yake, akasema ana zamu Jumatatu. Bwana alirudi peke yake. Tiketi ya pili sijui aliifanya nini. Watoto hakupata, na baada ya hapo hakulitaja tena jambo la watoto mbele yangu, wala mimi mbele yake. Kile kipande chake kinachoelekea mto shemeji alikipanda chai.

Mara ya mwisho nilipokaa naye muda wa kutosha ilikuwa mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini. Siku hizo wake za wanafunzi walikuwa wengi. Vijana wa Kisii na Nyamira walikuwa wanakwenda Amerika, Kanada, India, na wake zao wanawafuata baada ya mwaka mmoja, wengine hata miezi, jambo rahisi tu. Kina mama wa mjini walikuwa wameanzisha darasa la kuwatayarisha katika ukumbi wa jamii, na mwalimu alikuwa yeye. Mimi nilileta magauni ya safari niliyoshonea wanne kati yao, nikaambiwa ningoje kipindi kiishe. Nikakaa nyuma kwenye kiti.

Alikuwa amenenepa kidogo. Mbele yake kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe. Aliwafundisha kumwuliza mgeni. Aliwafundisha kungoja jibu. Msichana mmoja alisema hiyo kwetu ni tusi, wenzake wakacheka, naye akangoja wamalize.

"Mwalimu," akasema mwingine, aliyekuwa mjamzito, "wewe ulikaa huko miaka mingapi?"

Niliangalia magauni mapajani mwangu.

"Kumi hivi," akasema.

"Na hiyo baridi, ni kama wanavyosema?"

"Unazoea."

"Watu wake je?"

"Wanakuacha. Usipowasumbua, hawakusumbui."

Yule mjamzito alikuwa na macho makali, hakuridhika haraka. "Sasa kama ulishazoea, ulirudi kwa nini?"

Alikuwa anakunja kitambaa cha mkono. Alikiweka kushoto mwa sahani, akakinyoosha kwa kidole.

"Mume wangu alikuja kunichukua," akasema, kisha akawaambia washike uma.